Kanisa Kuukuu Kuwa Ukumbi wa Utamaduni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza huwa na hadithi zinazofanana. Kuna kanisa la zamani lililofungwa miaka mingi. Waumini walihama, wakapungua au wakajenga jingine. Sasa kikundi fulani kinalitaka liwe ukumbi wa muziki, maonyesho, maktaba au mazoezi ya maigizo. Nimeshiriki kazi za namna hii, mara chache nikiwa na kalamu, mara nyingi nikiwa na fagio. Majibu yangu ni ya mtu aliyewahi kula hasara kwa kukosea mpangilio: tulipaka rangi kabla ya kuziba paa. Kwa hiyo nitarudiarudia habari za paa, nanyi mnivumilie.

Tumekabidhiwa ufunguo. Tuanzie wapi?

Anzeni nje, na mvua iwe inanyesha. Simameni na mwavuli, tazameni maji yanakokwenda. Yakitoka kwenye paa yanaingia kwenye gata, au yanateremka ukutani? Yakifika chini yanaondoka, au yanatuama kwenye msingi? Saa moja ya kusimama mvuani itawaambia mengi kuliko ripoti iliyoandikwa siku ya jua.

Katika kanisa moja nililolihudumia, ukuta wa upande mmoja ulikuwa umeota ukijani hadi kimo cha mtu, na lipu ya ndani ilimeguka ukiigusa kwa kidole. Sote tukasema ni msingi. Tukaanza kuulizana gharama za kuchimba. Fundi akapanda ngazi, akatumbukiza mkono kwenye gata, akatoa kiota cha njiwa, tope jeusi na mche wa mtini wenye mizizi mirefu kuliko mkono wake. Maji ya nusu nzima ya paa yalikuwa yakimwagikia hapo miaka nenda miaka rudi. Kuzibua kulichukua asubuhi moja. Ukuta ulichukua miezi kumi na minne kukauka.

Basi mpango wa mwanzo ni huu: gata, paa, mifereji ya chini, madirisha yaliyovunjika. Kama fedha hazitoshi kwa paa, fungeni turubai zito na mabati ya muda. Halipendezi, lakini lina heshima kuliko ukumbi uliopakwa rangi unaovuja.

Kanisa limeachwa. Si la yeyote, au vipi?

Lina mwenyewe. Anaweza kuwa dayosisi, shirika la watawa, baraza la wadhamini, halmashauri, serikali, au wajukuu wa mtu aliyetoa kiwanja. Mara nyingine jengo ni la mmoja, ardhi ya mwingine, na njia ya kuingilia ya wa tatu. Tafuteni hati kabla ya kutafuta mafundi. Angalieni pia kama jengo limeorodheshwa kuwa urithi wa kihistoria, maana hapo hata kubadilisha mlango huhitaji kibali. Msikubali ruhusa ya mdomo, hata ikitoka kwa mtu mwema. Watu wema huhamishwa vituo. Upangaji wa muda mrefu ulioandikwa unatosha, na ndiyo njia inayotumika sana, kwa kuwa wafadhili wengi hawatoi fedha kwa jengo ambalo kikundi kinaweza kufukuzwa mwakani.

Je, lazima liondolewe wakfu kwanza?

Inategemea dhehebu. Kuondoa wakfu ni kutangaza rasmi kwamba jengo si mahali patakatifu pa ibada tena. Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1222, inampa askofu mamlaka ya kutoa amri kwamba kanisa litumike kwa shughuli za kawaida za kidunia, ila zisizo za aibu. Kunapokuwa na sababu nyingine nzito, mbali na jengo kuwa halifai tena kwa ibada wala haliwezekani kukarabatiwa, lazima asikilize baraza la mapadre na apate ridhaa ya wale wenye haki zao halali juu ya kanisa hilo. Madhehebu mengine yana taratibu zao, baadhi ndefu zaidi, baadhi barua moja tu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba madhabahu haifuati jengo. Kanuni ya 1238 inasema madhabahu haipotezi wakfu wake kwa sababu tu kanisa limegeuzwa kuwa la matumizi ya kidunia. Ndiyo maana viongozi wa kanisa huomba iondolewe, na wana haki. Msishangae wakija kuichukua pamoja na tabenakulo (kisanduku cha kuhifadhia ekaristi), masalio ya watakatifu na birika la ubatizo. Andikeni orodha ya kila kinachobaki na kila kinachoondoka, mpige picha, wote watie saini. Nimeona ugomvi wa miaka miwili juu ya vinara vinne.

Yapo makanisa ambayo hayakuondolewa chochote, kwa sababu ibada inaendelea. Union Chapel ya London ina waumini wake na ni ukumbi wa muziki unaojulikana sana. Mpango wa namna hiyo unataka kalenda moja, si mbili, na mtu mmoja anayeishika.

Waumini wa zamani wanapinga. Tufanyeje?

Wasikilizeni kabla hamjachora chochote. Aliyebatizwa pale, aliyefunga ndoa pale, aliyemzika mama yake kutoka pale, hatakubali kwa kuonyeshwa mchoro wa rangi. Lakini mara nyingi kinachomuuma ni kitu kidogo na mahususi. Mmoja aliniambia hajali muziki. Anachotaka ni kwamba vilevi visiuzwe mahali madhabahu iliposimama. Tukaliandika hilo kwenye mkataba wa upangaji, na yeye akawa wa kwanza kutuletea picha za zamani za kanisa.

Picha hizo, kwa taarifa yenu, zina thamani kubwa. Picha ya harusi ya miaka sitini iliyopita inaweza kuonyesha dari ilivyokuwa, mimbari ilikosimama na ukuta uliokuwa na rangi gani. Waombeni.

Kuna makaburi ndani na nje. Tunaweza kuyahamisha?

Msiguse. Simamisheni kazi, wajulisheni mamlaka husika, viongozi wa dhehebu na ndugu kama wapo. Hata kuchimba mtaro wa bomba la choo karibu na kanisa la zamani kunaweza kufukua mifupa ya watu waliozikwa bila alama. Pitisheni mabomba pale palipokwisha kuchimbwa zamani.

Tutajuaje kama ufa ni wa hatari?

Ufa mkubwa uliotulia tangu enzi za babu si tatizo sawa na ufa mwembamba unaotembea. Njia ya zamani bado inafanya kazi: bandikeni kipande chembamba cha kioo, au kiraka cha plasta, kikivuka ufa, muandike tarehe juu yake. Kikipasuka, ukuta unatembea. Ngojeni mwaka mzima, kiangazi na masika, maana udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka, na ukuta hupumua nao. Mhandisi wa miundo anayesema lolote la uhakika baada ya kutembelea mara moja, mshukuruni kisha mtafuteni wa pili.

Kanisa la St Luke's la London ni mfano mzuri wa subira. Lilikamilika 1733, likafungwa 1959 kwa sababu msingi ulikuwa ukididimia, paa likaondolewa kwa ajili ya usalama, na kuta zikabaki zikitazama mbingu kwa karibu miaka arobaini. Mwaka 2003 lilifunguliwa likiwa makao ya mazoezi na elimu ya muziki ya London Symphony Orchestra. Gofu lisilo na paa si mwisho wa habari.

Kwa nini mafundi wa urithi wanakataa saruji? Si ndiyo imara?

Swali hili nalipenda, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Makanisa mengi ya zamani yalijengwa kwa mawe au matofali yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa tena kupitia viungo vyake. Chokaa ni laini kuliko jiwe kwa makusudi: ukuta ukitembea kidogo, kinachopasuka ni kiungo, nacho ni rahisi kuziba.

Ukija na saruji ukaziba viungo na kupiga lipu ya saruji juu, umeuvalisha ukuta koti la mpira. Maji yaliyomo hayana pa kutokea. Yanatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, yakibeba chumvi. Chumvi inaganda chini ya uso wa jiwe, na uso unabanduka kama magamba. Miaka kumi baadaye viungo vya saruji vinakuwa vimesimama mbele kama mbavu na mawe yamerudi ndani. Ukiona ukuta wa hivyo, jua mtu alitengeneza kwa nia njema.

Chokaa ina adabu zake. Huchomwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 900, kisha huzimwa kwa maji, na wakati wa kuzimwa huchemka kweli. Inaweza kumpofua mtu asiyevaa miwani ya kazi. Chokaa iliyozimwa ikasagika kuwa kama malai huchanganywa na mchanga, kwa kawaida sehemu moja kwa tatu. Haikauki kama udongo: hugeuka tena kuwa kitu cha mfano wa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na inahitaji unyevu wakati huo wote. Ndiyo maana utaona mafundi wake wakitundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta mpya na kuyamwagia maji asubuhi na jioni. Fundi anayeacha lipu ya chokaa ikaukie juani siku hiyohiyo hajui kazi yake.

Nilifanya kazi na mkandarasi mmoja aliyekuwa akituambia anatumia chokaa tupu. Siku moja niliona mifuko ya saruji nyuma ya sakristia, chumba cha padri cha kuvalia. Alisema ni kijiko tu, ili ishike haraka. Tulikwangua mita thelathini za ukuta. Tangu hapo, kwenye kila mkataba ninaouona, naomba ushahidi wa mchanganyiko uwekwe kwenye kopo lenye tarehe, kila siku ya kazi.

Kuna popo na njiwa. Tuwafukuze tu?

Kwanza ulizeni sheria. Katika nchi nyingi popo wanalindwa, na kuwafungia nje wakati wana watoto ni kosa. Pili, lindeni mapafu yenu. Kinyesi cha popo na cha ndege kikavu kinaweza kubeba vimelea vya fangasi vinavyosababisha maradhi ya mapafu, kwa hiyo kisifagiliwe kikiwa kikavu: kinaloweshwa, kinakusanywa kwa koleo, na mtu anavaa barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa. Uangalifu uleule unahitajika kwa rangi za zamani, ambazo mara nyingi zina madini ya risasi, na kwa mabati mepesi ya kijivu yenye asbesto. Msiyakate wala kuyapasua.

Je, tulirudishe kama lilivyokuwa?

Lilivyokuwa lini? Kanisa la miaka mia mbili limekuwa makanisa manne au matano. Dari ni ya zama hizi, mimbari ni ya zama zile, na ule ukuta mbaya upande wa nyuma ulijengwa na watu ambao labda waliupenda.

Ugomvi huu ni wa zamani. Katika karne ya 19 Eugène Viollet-le-Duc wa Ufaransa aliamini kwamba kurejesha jengo ni kulifikisha kwenye ukamilifu ambao huenda halikuwahi kuwa nao. Aliliwekea kanisa la Notre-Dame la Paris mnara mchongoka mpya, si nakala ya ule wa kale. Kule Uingereza, William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877 wakipinga tabia hiyo: wao walitaka jengo litunzwe na kuzibwa viraka, si kufanywa kijana. Kichekesho ni kwamba mnara wa Viollet-le-Duc ulipoanguka kwenye moto wa tarehe 15 Aprili 2019, ulijengwa upya kama alivyouchora yeye. Kilichokuwa kizushi kimekuwa urithi.

Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wataalamu wengi bado wanaufuata, una mambo matatu ya kutufaa. Kutumia jengo kwa manufaa ya jamii husaidia kulihifadhi, ila matumizi yasibadilishe mpangilio wala mapambo yake. Urejeshaji hukoma pale kubahatisha kunapoanza. Na sehemu mpya iliyoziba pengo ipatane na ya zamani, lakini mtu aweze kuitambua kuwa ni mpya.

Msimamo wangu: acheni kovu lionekane. Huko Santpedor, Hispania, kanisa la watawa Wafransisko lilibaki peke yake baada ya nyumba ya watawa kubomolewa mwaka 2000. Msanifu David Closes aliligeuza kuwa ukumbi uliofunguliwa 2011, na pale paa lilipoanguka hakujenga nakala ya kuba za zamani. Aliruhusu mwanga uendelee kuingia kupitia nafasi zile. Ngazi mpya na vyumba vya mitambo aliviweka nje ya kuta, ndani pakabaki pana.

Tunahitaji vyumba, ghorofa, rafu. Tunaweza kujenga ndani?

Jengeni kama mtu anayeingiza kabati nyumbani kwa watu: lisimame lenyewe, lisishike ukuta, na siku moja liweze kutolewa. Mfano unaotajwa sana ni duka la vitabu la Dominicanen huko Maastricht, Uholanzi, lililofunguliwa 2006 ndani ya kanisa la karne ya 13. Kanisa hilo lilikuwa limetumika hata kuegeshea baiskeli. Duka lilihitaji nafasi kubwa kuliko sakafu iliyokuwepo, basi wasanifu wakasimamisha rafu ya chuma nyeusi yenye ghorofa, iliyosimama kwa miguu yake upande mmoja wa kanisa. Unapanda kati ya vitabu hadi karibu na dari. Ukuta haukutobolewa kubeba uzito huo.

Mabenchi tuyafanyeje?

Yakiwa ya kawaida na yamechakaa, hifadhini machache, mengine yatolewe kwa waumini wa zamani kwa orodha. Ukumbi wenye mabenchi yaliyofungwa sakafuni unafaa kwa jambo moja tu. Lakini kabla hamjayang'oa, someni jibu linalofuata.

Sauti inarudi mno. Mtu akizungumza hasikiki vizuri. Dawa yake nini?

Jengo halina ugonjwa. Lilijengwa kwa ajili ya wimbo wa taratibu na sala ya kuvuta sauti, nanyi mnataka mdahalo na ngoma. Kinachopimwa ni muda sauti inaochukua kufa. Kwa mazungumzo unataka takriban sekunde moja. Kwa okestra kubwa, karibu mbili. Kanisa tupu la mawe linaweza kufika nne, sita, hata zaidi.

Aliyefumbua fumbo hili ni Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyepewa mwaka 1895 kazi ya kurekebisha chumba cha mihadhara ambacho hakuna aliyesikia kitu ndani yake. Usiku kucha alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akaipanga, akapima sauti kwa masikio na saa, na asubuhi akairudisha. Akapata kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia: zidisha ujazo wa chumba, kwa mita za ujazo, mara 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji, yaani uwezo wa vitu vyote chumbani kumeza sauti. Kipimo cha ufyonzaji ni rahisi kukifikiria: mita moja ya mraba ya dirisha lililo wazi, ambako sauti hutoka isirudi.

Tujaribu. Kanisa la mita za ujazo 5,000 lenye ufyonzaji wa mita za mraba 200 lina muda wa sekunde 4. Kila mtu aliyeketi huongeza takriban nusu mita ya mraba. Wakija watu 300, ufyonzaji unakuwa 350 na muda unashuka hadi sekunde 2.3. Bila kununua kitu! Ndiyo maana mazoezi ya mchana kwenye ukumbi mtupu humkatisha tamaa mwanamuziki, na usiku huohuo anacheka. Na ndiyo maana mabenchi yenye mito, yakitolewa, yanaondoka na sehemu ya utulivu wenu.

Kinachobaki hutibiwa kwa mapazia mazito yanayovutika, yaning'inizwe mbali kidogo na ukuta, si kugusana nao. Kwaya ikija, yakusanyeni pembeni. Mhadhara ukija, yavuteni. Kwa mazungumzo, spika ndogo nyingi zilizo karibu na wasikilizaji zinashinda mbili kubwa zilizofunguliwa hadi mwisho, ambazo huamsha kuta zote. Onyo moja: pazia halizuii besi, zile sauti nzito za chini. Bendi yenye ngoma nzito na vipaza sauti ndani ya jiwe tupu itabaki vurugu hata mfanye nini, na ni bora kusema hivyo kwenye fomu ya kukodi.

Msigundishe sponji kwenye kuta. Gundi inaharibu lipu, na sponji ya kawaida huwaka kwa kasi ya kutisha.

Vipi kuhusu moto na milango?

Waumini huingia polepole na wanalijua jengo. Hadhira ya tamasha hailijui, imo gizani, na wakati mwingine imekunywa. Kanisa la zamani mara nyingi lina mlango mmoja mkubwa unaofunguka kwa ndani. Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois Theatre wa Chicago uliungua na watu wasiopungua 602 wakafa. Baadhi ya milango ilikuwa imefungwa, mingine ilifunguka kwa ndani, na watu waliosongamana hawakuweza kuivuta. Jengo lile lilikuwa jipya, limefunguliwa mwezi uliotangulia, Novemba.

Kwa hiyo: njia mbili au zaidi zilizo mbali moja na nyingine, milango ya kufunguka nje, komeo la kusukuma kwa mwili, taa za dharura. Mlango wa kihistoria usioruhusiwa kubadilishwa unaweza kufungwa wazi kwa mnyororo muda wote hadhira imo ndani. Idadi ya watu iamuliwe na upana wa milango, si na idadi ya viti mnavyoweza kubana.

Na wakati mbaya zaidi ni wakati wa ukarabati wenyewe: mbao kavu, vumbi, nyaya za muda, mtu anachomelea bati. Kazi yoyote ya moto isimame saa kadhaa kabla ya mafundi kuondoka, na mtu abaki akizunguka darini na tochi.

Kengele bado ipo. Tuipige siku ya ufunguzi?

Hapana, mpaka mtu apande. Kengele ya shaba nyeusi ina uzito mkubwa, na inapobembea inausukuma mnara kushoto na kulia. Kengele ikiwa imening'inizwa kwenye boriti iliyoliwa na mchwa, mzigo huo utateremka kwa njia fupi. Kwa sasa mnaweza kuigonga kwa nyundo ya mti ikiwa imetulia. Italia, na hatari ni ndogo.

Boriti zenyewe, na kenchi za paa, zichomeni kwa bisibisi hasa pale zinapoingia ukutani. Kati panaweza kuwa pazima kabisa huku ncha imekuwa unga. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 kwa kawaida haiozi, na kipimo cha unyevu cha mkononi ni kifaa cha kwanza ambacho ningenunua, kabla ya kompyuta.

Kinanda cha mabomba?

Kifunikeni, mzuieni mtu yeyote asichukue bomba la ukumbusho, na mwiteni mtaalamu. Kinaweza kusubiri miaka.

Vioo vya rangi?

Mara nyingi kinachochoka ni ukanda wa madini ya risasi unaoshika vipande, na dirisha zima huanza kufura kama tanga. Msilisukume lirudi. Mkiweka kioo cha kinga kwa nje, acheni nafasi ya hewa kupita, la sivyo mvuke utaganda katikati.

Vyoo na umeme?

Vyoo vijengwe nje au kwenye kiambatisho. Ndani ya kanisa hakuna mahali pazuri. Umeme wa zamani ung'olewe wote, usiunganishwe. Na mnara upate kinga ya radi.

Tungoje hadi kazi iishe ndipo tufungue?

Msingoje. Paa likiwa zima na mhandisi akiridhika, sehemu moja iliyo salama ifunguliwe, hata kama sakafu ni vumbi. Kanisa la Santa Bárbara huko Llanera, Hispania, lililojengwa 1912, lilikuwa gofu hadi vijana walipoweka ndani yake njia za kuteleza kwa ubao wa magurudumu. Mwaka 2015 msanii Okuda San Miguel akapaka kuta na dari kwa rangi kali, na likajulikana duniani. Paradiso ya Amsterdam ilikuwa jumba la ibada la karne ya 19, vijana wakalivamia, na mwaka 1968 likafunguliwa rasmi. Hakuna kati ya hayo lililosubiri marumaru. Istanbul nako, Hagia Eirene, kanisa la Kibizanti lililowahi kuwa ghala la silaha, limekuwa likipokea matamasha tangu 1980 na kuta zake tupu zisizopambwa.

Tofauti na ukumbi mpya, jengo la zamani hukufundisha matumizi yake. Sisi tulipanga liwe la muziki. Mwaka wa kwanza tuligundua kwamba mwanga wa asubuhi kutoka madirisha ya juu ulikuwa mzuri mno kwa wachoraji, na kwamba watu walitaka mahali penye ubaridi pa kusomea. Muziki umebaki siku mbili kwa wiki. Kama tungejenga jukwaa la kudumu tulilolichora, tungekuwa tunalibomoa.

Gharama tuikadirie vipi?

Mkadiriaji majengo aangalie baada ya lipu kufunguliwa sehemu kadhaa, si kabla. Katika jengo la zamani mimi hutenga asilimia 20 ya dharura, na huwa inaisha. Gaweni kazi kwa awamu zinazojitegemea: kama fedha zikikatika baada ya paa, mbaki na paa lililokamilika, si nusu ya paa na nusu ya sakafu. Wafadhili hupenda kulipia jukwaa, taa na kibao chenye jina lao. Gata hakuna anayependa kulifadhili. Hilo lilipieni wenyewe kwa tiketi.

Kisha hesabuni mwaka wa kawaida baada ya ufunguzi: bima, mlinzi, umeme, kupanda ngazi mara mbili kwa mwaka. Kama mapato ya kukodisha hayafikii hapo, punguzeni ndoto sasa.

Kazi yote huchukua muda gani?

Vibali na hati huweza kula muda kuliko mawe. Kuta zilizolowa hukauka kwa ratiba yao. Atakayewaahidi mwaka mmoja kwa kanisa lililovuja miaka ishirini anauza kitu.

Baada ya kufungua, nani alitunze?

Mtu mmoja mwenye jina, si kamati. Awe na daftari: tarehe, mahali, alichoona, picha. Kabla ya kila msimu wa mvua azibue gata na kuangalia vigae vilivyohama. Baada ya kila mvua kubwa apite ndani na tochi, atazame dari pembezoni, aguse ukuta kwa kiganja mahali palepale alipogusa mara ya mwisho. Ufunguo wa akiba wa ngazi ya paa ukae kwa jirani aliye karibu zaidi, na namba yake ya simu ibandikwe ndani ya mlango wa sakristia, pamoja na ya fundi wa paa.